Wimbi la saini ndani ya integreta na diferensheta: umbo ni lilelile, mengine yote yamehama

Ingiza wimbi la saini (sine), lile linalopanda na kushuka kwa ulaini, kwenye integreta ya opampu, yaani saketi ya kikuza-ishara inayolimbikiza volteji inayoingia, na upande wa pili litatoka wimbi la saini. Ingiza wimbi hilohilo kwenye diferensheta, saketi inayotoa kasi ya mabadiliko ya kinachoingia, nako litatoka wimbi la saini. Mwenye osiloskopu (chombo kinachochora volteji kwenye skrini) ya chaneli moja anaweza kuapa kwamba saketi hizi mbili ni kitu kimoja, tena kwamba hazifanyi kazi yoyote. Wimbi la mraba husema mapema: integreta hulifanya pembetatu, diferensheta huliacha miiba mitupu inayochomoza kwenye kila kona. Saini haitoi siri zake kirahisi hivyo. Ndiyo maana maabarani kipimo cha saini hupitwa harakaharaka, kana kwamba hakina cha kufundisha, ilhali hitilafu karibu zote za saketi hizi hujieleza humo.

Kwanza, kwa nini umbo halibadiliki? Katika mawimbi yote yanayojirudia, saini peke yake ndiyo ambayo ukichora kasi ya mabadiliko yake unapata umbo lilelile, likiwa limesogea tu. Wanaoishi kando ya mkono wa bahari kama ule wa Mtwapa wanalijua jambo hili bila hesabu. Maji yakishajaa kabisa, mkondo husimama. Ngalawa haisukumwi huku wala kule. Yakishakupwa kabisa, vilevile. Mkondo huwa mkali katikati, maji yakiwa nusu ya safari. Kina cha maji ni wimbi, na mkondo ni wimbi la pili lenye umbo lilelile, ila vilele vyake vimepishana na vya kwanza kwa robo ya duru, ambayo kwa bahari yetu ni saa 3 na dakika chache. Diferensheta hupewa kina ikakutolea mkondo. Integreta hupewa mkondo ikakutolea kina.

Kwa hiyo kwa saini kuna mambo mawili tu ya kutazama: wimbi limekuwa kubwa au dogo kiasi gani, na limesogea mbele au nyuma kiasi gani. Zaidi ya hayo, chochote unachokiona kwenye skrini hakikutokana na saini. Kimetokana na kitu kingine kilichojipenyeza.

Vipande vilevile, nafasi tofauti

Tuchukue vipande halisi tuvifuate kwa tarakimu. Opampu iwe 741, ile iliyobuniwa na Dave Fullagar huko Fairchild na kuingia sokoni mwaka 1968. Leo zipo bora zaidi kwa bei isiyotofautiana sana, lakini 741 ina udhaifu wa kutosha kutufundishia. Pawa saplai ni volti 15 chanya na volti 15 hasi. Rezista moja ya kΩ 10, kapasita moja ya nF 10.

Kwenye integreta, rezista hukaa njia ya kuingilia, na kapasita hukaa kwenye mrejesho, kati ya tokeo na mguu wa hasi wa opampu. Mguu wa chanya umefungwa kwenye ethi. Opampu hufanya kila iwezalo ili mguu wa hasi ubaki kwenye volti 0, sawa na mwenzake. Basi volti 1 ikiingia, rezista hupitisha mA 0.1. Mkondo huo hauna pa kwenda, kwa sababu mguu wa opampu hauunywi. Lazima wote upite kwenye kapasita. Kapasita ya nF 10 ikipewa mA 0.1 hubadilika volti 10 kwa kila milisekunde. Na kwa kuwa mguu wa hasi umeshikiliwa pale pale kwenye sifuri, upande unaosogea ni wa tokeo: ingizo likiwa chanya tokeo linashuka, likiwa hasi tokeo linapanda. Alama hii ya kutoa ikumbuke, itatusumbua baadaye.

Diferensheta ni vipande vilevile vikibadilishana viti. Kapasita iko njia ya kuingilia, rezista iko kwenye mrejesho. Mkondo unaopita kwenye kapasita hufuata ukali wa mteremko wa ingizo, si ukubwa wake, na rezista huugeuza mkondo huo kuwa volteji. Saini ya volti 1 kileleni kwa Hz 1,000 huwa na mteremko mkali kuliko wote pale inapokata sifuri: volti 6,283 kwa sekunde. Hiyo kwenye nF 10 ni µA 62.8, na µA 62.8 kwenye kΩ 10 ni volti 0.63. Kileleni kwenyewe, ambako wimbi limesimama kwa kitambo, tokeo ni sifuri.

Kwa alama, ingizo likiwa A sin ωt (A ni kimo cha wimbi, ω ni masafa yakizidishwa kwa 2π, R ni rezista na C ni kapasita), integreta hutoa (A/ωRC) cos ωt, na diferensheta hutoa −AωRC cos ωt. Humo ndani mna habari yote.

Tazama ωRC ilivyokaa chini katika moja na juu katika nyingine. Kwa vipande vyetu, ωRC huwa 1 kamili kwenye Hz 1,592. Hapo saketi zote mbili hutoa volti 1 kwa volti 1. Shuka hadi Hz 159 na integreta itatoa volti 10, diferensheta volti 0.1. Panda hadi Hz 15,900 na mambo yatageuka kinyume chake. Ukichora kwenye karatasi ya logi unapata mistari miwili iliyonyooka, mmoja ukishuka desibeli 20 kila masafa yanapozidi mara 10, mwingine ukipanda kwa kiasi hichohicho, na inakatana pale kwenye Hz 1,592. Sababu ni nyepesi: wimbi la masafa ya chini huipa integreta muda mrefu wa kulimbikiza kabla halijageuka, na wimbi la masafa ya juu lina miteremko mikali inayoilisha diferensheta.

Usije ukadhani mstari wa integreta unapanda bila mwisho ukirudi chini. Kwenye Hz 100, volti 1 ingehitaji tokeo la volti 15.9. Saplai ina 15, na 741 yenyewe huishia volti moja au mbili kabla ya hapo. Vilele hukatwa bapa.

Nani anatangulia?

Hapa kitabu na osiloskopu huonekana kugombana. Kitabu cha hesabu kinasema ukiintegreti saini, jibu linachelewa digrii 90. Unawasha osiloskopu, chaneli ya kwanza kwenye ingizo, ya pili kwenye tokeo la integreta, na unaona tokeo limetangulia kwa digrii 90. Diferensheta nayo, ambayo kitabu kinasema itangulie, iko nyuma. Mtu akiwa peke yake usiku na saketi yake anaweza kubadilisha opampu mbili nzima akidhani zimeungua.

Hakuna kilichoungua. Ni ile alama ya kutoa. Kuchelewa digrii 90, kisha kupinduliwa digrii 180, kunakufikisha digrii 90 mbele. Lakini hesabu ya digrii haimridhishi kila mtu, kwa hiyo fuata wimbi lenyewe. Ingizo likiwa chini ya sifuri, tokeo la integreta linapanda, maana linapinduliwa. Litaendelea kupanda mpaka lini? Mpaka ingizo lirudi sifuri. Kwa hiyo wakati ule ule ambao ingizo linakata sifuri kwenda juu, tokeo liko kileleni tayari, na ingizo bado lina robo ya duru kabla ya kufika kilele chake. Kwenye skrini huko ni kutangulia.

Kwa diferensheta, ingizo linapokata sifuri kwenda juu, mteremko ni mkali kuliko wote na alama ya kutoa inaliweka tokeo kwenye bonde lake. Kilele cha tokeo kinakuja ingizo likikata sifuri kwenda chini, robo ya duru baada ya kilele cha ingizo. Huko ni kuchelewa.

Wengine huuliza inawezekanaje saketi itangulie ingizo lake, kwani inajua yajayo? Haijui. Kutangulia huku ni kwa wimbi lililokwisha kutulia, ambalo duru ijayo ni nakala ya duru iliyopita. Kilele unachokiona kimetangulia kimejengwa na nusu duru iliyopita, si na kilele kinachokuja. Badilisha wimbi ghafla na utaona tokeo likifuata nyuma kama kitu kingine chochote.

Ukiweka osiloskopu kwenye X-Y, ingizo upande mmoja na tokeo upande wa pili, kwenye Hz 1,592 unapata duara. Integreta inatoa duara, diferensheta inatoa duara. Doa linazunguka kwa mielekeo iliyo kinyume, lakini kwa kasi hiyo jicho haliwezi kuona. Ni kipimo kizuri cha kuthibitisha digrii 90, na kibovu kabisa cha kukuambia una saketi ipi mezani.

Integreta na kumbukumbu zake

Hesabu ya juu juu inasema tokeo la integreta ni kosaini iliyokaa sawasawa juu na chini ya sifuri. Hiyo ni kweli kama ingizo limewashwa likiwa kileleni. Liwashe likiwa linakata sifuri kwenda juu, kwa Hz 1,000 na volti 1, na integreta kamilifu itatoa wimbi linalocheza kati ya volti 0 na volti hasi 3.18, wala halitavuka kwenda upande wa chanya milele. Kimo chake ni sahihi, fezi yake (kusogea kwake mbele au nyuma) ni sahihi, ila wimbi zima limeshuka volti 1.59. Ni ile namba isiyobadilika ambayo mwalimu wa kalkulasi alikukata alama kwa kuisahau. Ukijua mkondo peke yake, hujui maji yalianzia kina gani. Kwenye daftari ni herufi C, kwenye saketi ni chaji iliyobaki ndani ya kapasita.

Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba 741 haiushikilii mguu wa hasi kwenye sifuri kamili. Kuna hitilafu ya mV 1 hivi kati ya miguu yake miwili, nyingine hufika mV kadhaa. Integreta haijui kwamba hiyo si ishara. Inailimbikiza: mV 1 kugawanya kwa RC ya µs 100 ni volti 10 kwa sekunde. Ongeza mkondo mdogo ambao mguu wa 741 hunywa kweli, nA 80 hivi, licha ya niliyosema hapo juu. Nao kwenye kapasita ya nF 10 ni volti 8 nyingine kwa sekunde, zikisaidiana na za kwanza au zikipingana nazo. Kwa vyovyote, saini yako nzuri itapanda au kushuka mpaka ijibamize kwenye saplai, na kwa kawaida haitachukua hata sekunde chache.

Dawa ya kila siku ni rezista kubwa sambamba na kapasita. Weka MΩ 1 na ukuzaji wa volteji isiyobadilika unakoma kwenye mara 100, kwa hiyo hitilafu ya mV 1 inakuwa volti 0.1 na kubaki hapo. Ule mshuko wa mwanzo wa wimbi nao unafifia. Muda wake ni ms 10, na baada ya ms 50 hauonekani. Gharama yake ni kwamba saketi imekuwa na sakafu. Chini ya Hz 15.9 haiintegreti tena, inakuza tu na kupindua. Na mabadiliko hayo hayaji kwa mkato. Kwenye Hz 159, mara 10 juu ya sakafu, fezi ni digrii 95.7 badala ya 90. Kwenye Hz 15.9 yenyewe ni digrii 135. Anayetaka digrii 90 zenye kuaminika akae mbali na sakafu.

Kuna jambo moja zaidi kwa sisi tunaofanya kazi karibu na nyaya za ukutani. Umeme wetu ni wa Hz 50, na integreta hii huukuza mara 30. Mngurumo wa mV 10 ulioingia kupitia waya usiofunikwa unatoka karibu volti 0.3, ukiwa umeibeba saini yako mgongoni.

Diferensheta na mambo yasiyoiuzi mwenzake

Diferensheta haina shida na hitilafu zisizobadilika, kwani kapasita ya mlangoni inazizuia. Shida yake iko upande wa pili. Chukua saini safi ya volti 1 kwa Hz 1,000, iongezee kelele ya mV 50 kwa Hz 20,000, kelele ambayo kwenye skrini ni unene kidogo tu wa mstari. Diferensheta itatoa volti 0.63 za ishara na volti 0.63 za kelele. Masafa ya kelele yamezidi mara 20, kwa hiyo kelele imepandishwa mara 20 zaidi. Saini yako imezama. Wajenzi wa kompyuta za analogi, ambao ndio walioanza kuitumia opampu na ambao miongoni mwao John Ragazzini na wenzake waliipa jina hilo mwaka 1947, waliijua hii vizuri: milinganyo yao waliipanga itatuliwe kwa integreta, na diferensheta waliikimbia walipoweza. Integreta mbili na kipinduzi kimoja vikifungwa katika mduara hutoa saini zenyewe, bila ingizo lolote, na hakuna diferensheta hata moja ndani yake.

Kisha kuna mlio. Ndani ya 741 mna kuchelewa kwa digrii karibu 90 kwenye masafa mengi, ndiko kunakoifanya itulie katika saketi za kawaida. Rezista na kapasita za diferensheta huongeza digrii nyingine karibu 90 ndani ya mrejesho, na jumla inakaribia 180, ambako mrejesho wa kutuliza hugeuka kuwa wa kuchochea. Kwa vipande vyetu na 741 ya MHz 1, hatari iko karibu na kHz 40. Ingiza wimbi la pembetatu na kila kona itatoka na mtetemo unaofifia polepole. Saini huificha kasoro hii kabisa mpaka uifikishe jirani na kHz 40, ambako tokeo hufura ghafla. Ω 470 mfululizo na kapasita ya mlangoni, na pF 470 sambamba na rezista ya mrejesho, hutuliza mambo: zote mbili huanza kufanya kazi kHz 34 hivi, na juu ya hapo diferensheta inaacha kuwa diferensheta. Ni kukubali dari ili upate utulivu.

Halafu tokeo la 741 haliwezi kupanda kwa kasi ya zaidi ya volti 0.5 kwa mikrosekunde. Rudi kwenye Hz 15,900, ambako hesabu ilituahidi volti 10. Saini ya volti 10 kwa masafa hayo inahitaji volti 1 kwa mikrosekunde inapokata sifuri, mara 2 ya uwezo. Opampu inakimbia kwa kasi yake ya mwisho kwenda juu, kisha kwenda chini, na unachokiona ni pembetatu ya volti 8 hivi. Ukiona pembetatu kwenye tokeo la diferensheta uliyoilisha saini, usihangaike na RC. Tafuta opampu yenye mbio.

Koili inayodiferenshieti bila kuombwa

Kuna mahali ambapo haya yote yanakutana kwenye waya mmoja. Koili ya Rogowski, iliyoelezwa na Walter Rogowski na W. Steinhaus mwaka 1912, ni waya uliosokotwa kuzunguka mkanda usio na chuma, ukavishwa kwenye kebo ya umeme. Mkondo wa kebo haupimwi moja kwa moja. Koili hutoa volteji inayofuata kasi ya mabadiliko ya mkondo. Ni diferensheta ya maumbile. Kwa saini ya Hz 50 inatoa saini ya Hz 50, iliyosogea digrii 90, na asiyejua atairidhia.

Lakini mikondo ya nyumba za leo, zenye taa za LED na chaja za simu, si saini tupu. Ina maharmoniki, yaani saini nyingine zilizochanganyika nayo, zenye masafa ya mara 2, mara 3 na kuendelea ya yale ya msingi. Mkondo wenye asilimia 20 ya harmoniki ya tatu, yaani Hz 150, utatoka kwenye koili ukionyesha asilimia 60, kwa kuwa Hz 150 imepandishwa mara 3. Umbo limeharibika. Integreta baada ya koili hurudisha kila harmoniki kwenye ukubwa wake na fezi kwenye nafasi yake, kwa mkato mmoja, maana mstari unaoshuka hufuta mstari unaopanda.

Hapo ndipo ile sakafu inapodai malipo. Tukitumia integreta yetu yenye sakafu ya Hz 15.9, kwenye Hz 50 fezi imekosea karibu digrii 18, na mita ya nishati itakuwa ya kuchezea. Shusha sakafu hadi Hz 0.5 na kosa linabaki digrii 0.57. Kwa pasi au hita, ambako mkondo na volteji vinakwenda pamoja, kosa hilo halionekani kwenye hesabu ya nguvu. Kwa mota yenye pawa fakta ya 0.5, ambayo mkondo wake umebaki nyuma ya volteji, digrii hizo hizo 0.57 zinapotosha usomaji kwa asilimia 1.7, ambayo kwa mita ya bili ni nyingi mno. Na kadiri unavyoshusha sakafu, ndivyo hitilafu ya opampu inavyopata nafasi ya kutambaa. Ndiyo maana chipu za mita kama ADE7753 ya Analog Devices hubeba integreta ya kidijitali ndani yake, zikaongeza kichujio cha kuondoa volteji isiyobadilika, na kosa dogo la fezi linalosalia hurekebishwa kwa kuandika namba kwenye rejista.